Tenga Kichwani

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe mbili Machi. Kasiani aliteremka kutoka Uluguru na tenga la karoti kichwani, akakuta soko limezungushiwa mabati.

"Shikamoo, babu. Soko limehamia barabara kuu," alisema mlinzi. "Tangazo lilibandikwa."

"Mimi na karoti zangu, nani anajua kusoma?"

Kwenye tundu la bati aliiona meza ya marehemu mkewe, ubao umelika pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Miaka thelathini, kila Kasiani alipotokeza, mama yule aliwaacha wateja akakimbilia kumtua mzigo. "Taratibu," alimtania, "shingo hiyo ni yangu!"

Mlinzi alinyoosha mikono amsaidie. Kasiani akarudi nyuma, tenga likiyumba.

"Hao wakubwa wa wilaya waliohamisha soko," aliuliza, "walimpanga nani wa kunitua?"