Somo la Mlangoni

"Tena," alisema mwalimu, akigonga ubao kwa rula. "Kitenzi?"

"Abudu," waliitikia wote kwenye mabenchi.

Fundi cherehani aliitikia pia, mdomo ameubenua. Mtu mzima, bibi wa wajukuu, leo anafundishwa vitenzi na kijana ambaye pindo la suruali yake limefumuka na hana habari. Ama kweli, ukistaajabu ya jana utayaona ya leo. Lakini sharti la mlangoni lilikuwa moja: asiyejua maneno ya ibada haingii ndani. Na ndani ndiko aliko mwanawe, mwaka wa pili huu, hata salamu haleti. Nyumbani baba mtu yu hoi kitandani, na kila akifumbua macho anauliza neno lile lile: "Hajaja?"

"Jina la tendo?"

"Ibada."

"Mahali?"

"Maabadi."

Maabadi, eti. Ghala la saruji hili, vumbi bado linamkaba mtu koo. Na watu wazima na akili zao wanaitikia huku wamefumba macho. Kilichomshangaza zaidi ni mwanawe. Alipitaje hapa, yule mvivu? Sarufi ilimpiga chenga tangu shule ya msingi. Kazi aliyoiweza ni kukalia kiti cha baba yake na kuagiza aletewe maji.

"Mtendaji?"

"Mwabudu."

"Na wewe mama, usijifiche nyuma. Anayetendewa?"

"Mwabudiwa," alijibu, akitazama pindo lile.

"Vizuri. Ukifika mbele yake, magoti chini. Usimtazame usoni."

"Baba, mimi nimemfuata mwanangu tu. Baba yake anaumwa."

"Humo ndani hamna mwana wa mtu, mama."

Jibu alikuwa nalo, tena la moto, ila alimkumbuka mgonjwa wake akalimeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo atainama.

Mlango ukafunguliwa, wakaingia mmoja mmoja bila viatu. Mwalimu akavuta pazia. Wale wa mabenchini wakaanguka kifudifudi, wengine wakilia kwa kwikwi. Juu ya kiti kirefu alikaa mtu mwenye joho jeupe, mikono ameikunjua kuwabariki.

Fundi cherehani alibaki wima peke yake, mkoba kwapani, akimtazama usoni.

"Shuka hapo uvae viatu," alisema. "Baba yako anakuita."