Winchi Imegoma

Siku hizi kila winchi ya gereji husoma mkono unaobonyeza kitufe, na haikubali kunyanyua mzigo juu ya mtu ambaye mwenye mkono huo hamtakii mema.

Riziki alisimama chini ya mnyororo kuielekeza injini ya lori. Mumewe, Mbwana, akabonyeza. Winchi ikagoma.

“Itakuwa mnyororo umekwama,” Mbwana alisema bila kumtazama.

Riziki akasogea pembeni. Injini ikapanda bila kelele. Aliporudi, ikasimama.

“Nitamwita fundi.”

“Kwani fundi si wewe?”

Mbwana akazima winchi.

Jioni ile Mbwana, ambaye tangu waoane hajawahi kuwasha jiko, alitoka jikoni na chai. Kikombe kimoja tu, akamwekea Riziki mbele.

“Kunywa, mama Zuhra, ingali ya moto.”