Kiswahili cha Tafadhali

Kinyozi Dawudi alizikataa pesa kwa mikono miwili.

"Bule, ssebo, bwana wangu! Bule kabisa!" alisema, akirudi nyuma mpaka akagota kwenye kioo. "Hata kesho reta kichwa, mimi nanyoa."

"Lakini fundi, tafadhali, kazi ni kazi," mteja alisihi. "Nitakuwa nimekudhulumu."

Kusikia Kiswahili kirefu namna ile, Dawudi akaanza kumfuta viatu kwa taulo ya kunyolea.

Mteja alijiita Ogutu, karani wa Mombasa, yuko likizoni, peke yake na Datsun yake. Tangu asubuhi, hapo mtaani Kamwokya, alikuwa amekula maini ya bure, amekunywa soda ya bure, na amepewa kiti na mzee aliyekuwa bado amekikalia. "Watu wa Kampala wakarimu jamani!" alimwambia kila aliyekutana naye. Kila mmoja aliitikia upesi: naam, wakarimu sana, safari njema.

Nani angemwambia? Mwaka ule, chini ya utawala wa kijeshi, raia wa Kampala alisema Kiganda; Kiswahili kilikuwa cha askari. Mtu aliyekujia na Kiswahili, na miwani myeusi, na viatu vyenye visigino kama stuli, huyo hakuja kunyolewa. Alikuja kuchukua mtu asionekane tena.

Alasiri Ogutu alipanda kilimani kulitazama kanisa kuu. Aliingia shingo juu, akizunguka kama kuku aliyeona mwewe.

"Ulaya wana makanisa ya miaka mia nane, nimeyaona kwenye kalenda," alimwambia mwanamke aliyekuwa akifagia kati ya viti. "Hili lenu bado linanyonya. Lakini zuri, haki ya Mungu! Samahani dada, ninaruhusiwa kupiga picha?"

Waumini wawili waliokuwa wakisali walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Mfagiaji hakukimbia. Aliegemea fagio lake, akacheka mpaka akajiziba mdomo.

Jina lake lilikuwa Atim. Alizaliwa kambini, akaolewa na koplo, na Kiswahili cha jeshi alikijua kama harufu ya baruti. Jeshini hakuna tafadhali. Hakuna samahani. Ngeli zote zilikwisha kupigwa risasi zamani.

"Kaka," alisema, "wewe si wao."

"Wao akina nani?"

Akamweleza. Ogutu alivua miwani, akaketi polepole.

"Kwa hiyo yale maini..."

"Maini ya woga, kaka. Na soda ya woga."

Walicheka wote wawili, kisha Atim akaacha kucheka. Akatazama mlangoni, akatazama juu, akamnong'oneza. Mume wake, Komakech, alikuwa amejificha darini, juu ya vichwa vyao, tangu askari wenzake wa kutoka kaskazini walipoanza kutoweka kambini. Askari walilipekua kanisa mara mbili, wakatoka mikono mitupu. Sasa wamelaza gogo barabarani chini ya kilima, wanaingoja njaa imshushe. Akishuka kwa miguu, amekufa. Akibaki, amekufa pia, ila polepole.

"Una gari," Atim alisema. "Una miwani. Kinachokosekana ni ulimi tu. Wakiisikia hiyo tafadhali yako, tumekwisha sote watatu. Nikufundishe?"

Ogutu aliinua macho darini.

"Ni mumeo wa ndoa?"

"Wa ndoa, humu humu ndani."

"Basi nifundishe, shemeji."

Wakaanza somo pale pale kwenye kiti cha mbele.

"Sema: toa gogo hii, mbwa wewe!"

"Ondoa gogo hili, tafadh..."

"Kaka!"

"Lakini ni gogo *hili*, shemeji. Gogo *hii* haiwezekani."

"Basi hapo kwenye *hili* ndipo watakapokupiga risasi."

Alimrudisha tena na tena, akimkunjisha ndita, akimfundisha kutema maneno badala ya kuyasema. Mwanafunzi alikuwa mzito kama mawe ya kusagia. Mwishowe Atim aliona heri mwanafunzi wake anyamaze tu, akunje uso, na Mungu asaidie.

Komakech alishuka, ndevu tele, mwili umebaki mifupa. Alimkumbatia Ogutu, akashindwa kumwachia.

"Ndugu yangu," alisema, "hata jina yako mimi sijui."

Akajikunja ndani ya buti la gari.

"Buti hawafungui," Atim alisema, akikaa kiti cha mbele. "Wao wenyewe ndimo wanamopakia watu. Watadhani ni mzigo wa mwenzao."

Chini ya kilima askari aliinama dirishani, bunduki mkononi. Alimtazama Ogutu. Akasimama wima, akapiga saluti. Gogo likaondolewa kabla mtu hajafungua mdomo.

"Hiyo miwani!" Atim alicheka huku machozi yakimtoka. "Hata somo langu halikuhitajika!"

Mjini alinyoosha kidole amwonyeshe mgeni njia, akakuta gari limekwisha kukata kona. Wakaishika barabara ya Jinja. Atim aligonga kiti kwa ngumi. Kutoka nyuma kabisa, ndani ya buti, mume wake akamjibu kwa kugonga. Akafumba macho. Mbele ni Jinja, kisha Tororo, kisha mpaka, kisha kulala usingizi.

Alipoyafumbua walikuwa wamefika Nakawa. Njia ya Kenya ilinyooka mbele yao. Ogutu alikata kulia, upande wa gereza la Luzira.

"Umepotea, kaka! Siyo huku! Rudi, tafadhali, rudi!"

"Funga domo, wewe mwanamuke," alisema Ogutu, bila kugeuka. "Bwana yako iko nalala muzuri kwa buti. Wewe napiga kelele ya nini?"