Saa Mia Mbili za Kwaya

Kwa siku nane hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzima kwaya nyumbani kwa Musyoka, karani wa reli, pale Makongeni.

Binamu yake Wathome alikuwa amemtumia waya za spika kutoka Ujerumani, nene kama kidole gumba, pamoja na barua. Waya mpya ni ngumu, barua ilieleza. Muziki upite ndani yake saa mia mbili mfululizo, ndipo zilainike na sauti ifunguke. Zikikatizwa hata kidogo, hesabu inaanza upya.

Musyoka alianza kuhesabu Ijumaa saa moja asubuhi. Kanda ambayo stereo yake haikuwa imeitafuna ilikuwa moja tu, ya akina mama wa kanisa wakiimba bila kinanda. Ilijigeuza yenyewe kila ilipoisha, ikaimba alipokula, alipooga, alipokuwa kazini. Usiku aliipunguza tu.

Mkewe Wanza alivumilia siku mbili, kisha akaweka sharti. Saa mia mbili zikitimia, aitwe Bedan, fundi wa umeme wa mtaa wa Baba Dogo ambaye hajawahi kusifu kitu. Akisikia tofauti, stereo ibaki. Asiposikia, iondoke sebuleni, na mahali pale pakae cherehani yake. Musyoka alikubali haraka, halafu akakosa usingizi. Aliipenda stereo ile kupita kiasi, na alijua hivyo.

Wanza akahamishia mchana wake kwa jirani, Kavata. Hakufika mbali. Ukuta wa kwa Kavata ulipitisha hata kikohozi, na spika zilikuwa zimeuegemea. Siku ya kwanza Kavata aliugonga kwa mwiko. Siku ya nne akachoka kugonga. Siku ya sita alikuwa akifua huku akiimba ubeti wa pili, bila kukosea hata neno.

Jumamosi Musyoka alitoka kazini moja kwa moja kumpokea Bedan barabarani. Walipoingia, saa tisa kasorobo, kwaya ilikuwa imepamba moto. Musyoka akaketi ukingoni mwa kochi. Stereo ilikuwa pale pale, imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe alichofuma Wanza, kama kila kitu kingine katika sebule ile.

"Usiguse kitu mpaka saa tisa kamili," alimwambia mgeni. "Funga macho usikie."

Bedan akacheka, akafunga macho. "Hizi ni waya tu, Musyoka. Stima haijui waya ni ya bei gani."

Kisha akainama mbele kidogo.

"Huyu wa sauti nyembamba," akasema polepole, "nasikia mpaka akivuta pumzi."

Musyoka naye alisikia, na furaha ikampanda mpaka machozi yakamlengalenga. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ile ikiwa tamu hivyo. Mwimbaji mmoja akakohoa. Mwingine akabanwa na kicheko katikati ya pambio, akakimeza, akaendelea.

"Hicho kicheko kilikuwa kwenye kanda?" Bedan akauliza.

"Siku zote. Waya za zamani zilikuwa zinakificha."

Bedan akafungua macho, akampa mkono. Alikiri kwamba katika miaka kumi na minane ya ufundi hajasikia kitu kama hicho, akaomba anwani ya Wathome. Musyoka alitamani kuruka. Alijizuia, kwa heshima ya mgeni, lakini miguu ilikuwa tayari inacheza chini ya meza. Cherehani ingetafutiwa kwingine.

Saa ya ukutani ikagonga tisa. Kwaya ikanyamaza, na mlango ukafunguliwa.

"Kumbe umerudi, Baba Ndete?" Wanza akamwambia mumewe, Kavata akichungulia nyuma yake. "Tungejua tungeimba kwa sauti ya chini. Stima zimepotea tangu saa saba, tukaona nyumba zimekuwa kimya mno."