Dini ya Mtu Mmoja

Baada ya kuhama dini tatu, Nakijwa alipimwa na mashine ya kupima imani, ikampa dini iliyomtosha kabisa, isiyo na jambo hata moja asiloliamini. Muumini wake alikuwa yeye peke yake, na sheria ilimruhusu mtu kuitikia dua za dini yake tu. Mtoto ambaye hajapimwa, akiitikia dua ya dini yoyote, dini hiyo ilikuwa yake maisha yote.

"Si ulitaka ya kukutosha?" mumewe Mbonea alimtania siku ile. "Haya, wewe askofu, wewe kwaya."

Walicheka. Binti yao Namkunda alikuwa bado mzima.

Sasa mtoto, ambaye bado hajapimwa, alilala akihema kwa shida, na kesho yake angepasuliwa moyo. Nakijwa alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba bila kusema neno asilolimaanisha. Alipomaliza, akangoja.

"Baba Namkunda, sema amina."

Mbonea alitazama kifaa cha ukutani kilichosikiliza ibada zote. "Nikiitikia, watanifukuza. Nani atamwombea mtoto huku kwetu?"

"Huku kwenu," Nakijwa alirudia.

Mbonea akaenda kuombea jikoni, akafunga mlango. Ndipo kifaa kikaitikia, "Amina," kwa sauti ya Nakijwa mwenyewe, maana kiliitikia kwa sauti za waumini, na dini yake haikuwa na sauti nyingine.

Namkunda alifumbua macho. "Mama, niitikie huku au kwa baba?"

Nakijwa alitamani amina ile kuliko kitu chochote. Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, taratibu.