Koti la Kwendea Nyabiondo

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Tajiri mmoja wa Nyabiondo alitafuta mshonaji wa kumkabidhi mashini yake ya kushona, wagawane faida. Nikaenda na koti la kuazima, ili nipendeze.

Mashini ilikuwa mezani, nyeusi, inang'aa. Niligusa gurudumu lake likazunguka polepole, na moyo wangu nao.

Tajiri hakunitazama usoni. Alipindua ukosi wa koti, akapapasa mishono kwa kidole gumba.

“Hii ulishona wewe?”

“Hapana, Papa. Ni Séraphin, mushonaji wa kwetu Kashuga.”

“Basi umuite, yeye njo atachukua mashini.”

“Lakini Papa, mimi njo nilifika wa kwanza!” Mkono wangu ulikuwa bado kwenye gurudumu.

“Séraphin njo alifika wa kwanza, kaka. Wewe ulimubeba tu ku mabega.”