Kopo Nyuma ya Pipa la Mchele

Tangu sheria ipige marufuku dawa ya kuzuia mafuta ya kujipaka yasioze, watu wa Tanga walinunua mafuta asubuhi na kuyamwaga jioni. Sikudhani, msusi wa Ngamiani, alimpaka bintiye Mwanamkuu usoni mafuta ya juzi mara moja tu, na mtoto akapofuka jicho la kushoto. Kuanzia hapo akawa anachanganya mafuta yake mwenyewe jikoni, akitia matone machache ya dawa iliyokatazwa.

Wakaguzi walivunja mlango mama na binti wakiwa wanakula chakula cha mchana. Mmoja alimbana Mwanamkuu ukutani, mwingine akapasua vyungu. Mkuu wao, mwanamke aliyeitwa Afande Mwasi, akalikuta kopo la mafuta hayo nyuma ya pipa la mchele.

"Weka mkono mezani," alisema.

"Afande, nakuomba. Mtoto amebaki na jicho moja."

Rungu likashuka. Vidole vitatu vilivunjika, na Mwanamkuu akapiga yowe. Sikudhani aliuma kanga yake, machozi yakimtiririka.

"Nisubirini nje," Afande aliwaambia wenzake.

Walipotoka, alifungua kopo, akanusa, kisha akajipaka shingoni, chini ya kola, palipojaa vidonda vyenye usaha. Alifumba macho kwa muda. Halafu akalitia kopo mfukoni.

"Ijumaa nitapita," alisema taratibu. "Nikute umeshatengeneza jingine."

Sikudhani alimkumbatia mwanawe kwa mkono mzima, huku akijaribu kukunja vidole vya ule mwingine, aone ni kipi bado kingeweza kushika mwiko.